Umemaliza Kozi ya Uwakili London, Uanagenzi Hukupata: Kazi za Kufanya na Namna ya Kuziingia

Kila mwaka zaidi ya watu 2,000 huanza kozi ya uwakili wa mahakamani Uingereza na Wales. Nafasi za uanagenzi, ile miezi 12 ya kufundishwa kazi ndani ya chemba (ofisi ya pamoja ya mawakili wa mahakamani) au ofisi ya sheria, ni mia tano na kitu tu, au mia sita mwaka ukiwa mzuri. Hesabu hiyo peke yake inaeleza kwa nini mtu mwenye alama nzuri na aliyeshinda mashindano ya kesi za kuigiza anaona Mei inakwisha bila ofa hata moja. Si lazima awe amekosea popote. Ila kuna mambo ya kufanya mapema, na ukiyachelewesha yanakula pesa na miaka.

Mwongozo huu ni kwa aliyekwishamaliza kozi, awe amepewa cheo cha barrister (wakili wa mahakamani) na Inn yake, mojawapo ya vyama vinne vya mawakili hao (Lincoln's Inn, Gray's Inn, Inner Temple au Middle Temple) au bado anasubiri. Tukisema solisita tunamaanisha wakili anayepokea wateja na kuendesha faili. Uingereza kazi hizo mbili zimetenganishwa, tofauti na Kenya na Tanzania ambako wakili mmoja hufanya zote.

Tarehe za kuandika ukutani

Uanagenzi unatakiwa uanze ndani ya miaka 5 tangu umalize kozi. Ukipita hapo unalazimika kuiomba Bar Standards Board, mamlaka inayosimamia mabarrister, ikuongezee muda, na lazima uonyeshe ulikuwa ukifanya nini. Kwa hiyo andika tarehe uliyomaliza kozi, hesabu miaka mitano mbele, weka alama.

Mzunguko wa maombi kupitia Pupillage Gateway, mfumo wa mtandaoni wa kuomba uanagenzi, unajulikana: nafasi hutangazwa mwishoni mwa Novemba, maombi hupokelewa Januari hadi mapema Februari, ofa hutoka Mei. Unaruhusiwa maombi 20 kwa mzunguko. Zipo pia ofisi zinazopokea maombi nje ya mfumo huo, kwa hiyo angalia matangazo yao moja moja. Ushauri wetu ni kujaribu mizunguko miwili zaidi, na kila mzunguko uende na kitu kipya mkononi. Fomu ileile ya mwaka jana, ikiwa imebadilishwa maneno tu, huleta jibu lilelile. Kati ya Juni na Novemba ndipo unapopata hicho kitu kipya, na kazi nyingi zilizoelezwa hapa chini zinafaa kwa hilo hata kama hutaki kuacha ndoto ya chemba.

Kwa aliyekuja kwa viza ya mwanafunzi, kozi ya uwakili iliyoidhinishwa na Bar Standards Board inakuruhusu kuomba viza ya Graduate, ya kubaki na kufanya kazi baada ya masomo. Muda wake ni miaka 2, na kwa watakaoomba kuanzia tarehe 1 Januari 2027 utakuwa miezi 18. Viza hiyo inaruhusu kujiajiri, jambo litakalokufaa tukifika kwenye kazi za mahakama ndogo. Tatizo ni kinachofuata. Tangu Julai 2025 viza ya Skilled Worker (ya kazi inayodhaminiwa na mwajiri) inadai kazi ya ngazi ya shahada na mshahara wa kawaida usiopungua pauni 41,700, ingawa kuna punguzo kwa wanaoanza kazi. Nafasi nyingi za usaidizi wa kisheria katika ofisi za mawakili hazifiki hapo. Usikubali kazi kwa ahadi kwamba "mambo ya viza tutaangalia baadaye". Kabla ya kusaini, uliza kama mwajiri ana leseni ya kudhamini, na kama kazi hiyo hasa inadhaminika.

Cheo unacho, leseni huna

Aliyepewa cheo na Inn lakini hana leseni ya uwakili bado ni barrister, na bado yuko chini ya Bar Standards Board. Hawezi kusimama mahakamani kama barrister, wala kujitambulisha kwa cheo hicho anapotoa huduma za sheria. Legal Services Act ya 2007 imetenga kazi sita ambazo ni kosa la jinai kuzifanya bila idhini: kusimama mahakamani, kuendesha kesi, kuandaa hati fulani za mali, mirathi, kazi za mthibitishaji hati, na kuapisha. Nje ya hizo sita kuna uwanja mpana sana, na humo ndimo utakamofanyia kazi.

Wengi huteleza kwenye vitu vidogo. Kadi ya biashara yenye neno barrister. Saini ya barua pepe. Ukurasa wa LinkedIn unaosema "barrister, ushauri wa sheria". Kwenye CV unayompelekea mwajiri ruhusa ipo kutaja mwaka na Inn iliyokupa cheo, mradi ueleze wazi kwamba huna leseni. Na ukimsaidia mtu asiye na uzoefu wa mambo ya sheria, kanuni zinataka umweleze kwanza kwamba hufanyi kazi kama barrister, kwamba kanuni nyingi zinazomlinda mteja wa wakili hazikuhusu, na kama una bima au huna. Kisha apate maelezo hayo kwa maandishi na athibitishe kwamba ameyaelewa. Hii inamgusa sana Mswahili wa London au Birmingham, kwa sababu ndugu na jamaa watakupigia simu wakiamini wewe ni wakili kamili. Kumwandikia shangazi barua ya kulalamikia kodi ya nyumba haina neno. Kujitokeza kama wakili wake ni kosa.

Njia ya usolisita

Hii ndiyo njia tunayoipa uzito kuliko zote, kwa sababu inaishia kwenye leseni. Tangu Septemba 2021 hakuna tena ulazima wa kutafuta mkataba wa mafunzo wa mtindo wa zamani. Unahitaji shahada, mitihani miwili ya usolisita (SQE1 na SQE2), uzoefu wa kazi wa miaka 2, na kuthibitishwa kwamba tabia yako inafaa.

SQE1 ni maswali 360 ya kuchagua jibu, 180 kwa siku moja na 180 siku nyingine, na hufanyika Januari na Julai. Mara nyingi karibu nusu ya watahiniwa ndio hufaulu. SQE2 ni kazi 16 za vitendo: 12 za kuandika na 4 za kuzungumza. Ada ya mitihani yote miwili imeshakaribia pauni 5,000 kabla ya kulipia masomo ya maandalizi, na unaruhusiwa majaribio matatu kwa kila mmoja ndani ya miaka 6. Kuwa umemaliza kozi ya uwakili hakukuondolei mtihani wowote kati ya hiyo.

Aliyetoka kwenye kozi ya uwakili huingia SQE akiwa na nguvu kwenye ushahidi, mwenendo wa mashauri na kutetea hoja kwa mdomo. Anapoanguka ni kwingine: uhamishaji wa nyumba na ardhi, wosia na mirathi, sheria za makampuni, na hesabu za fedha za wateja. Hayo hayakuguswa sana kwenye kozi yako, na SQE1 haikusamehi kwa kuwa hodari wa jinai. Ukipanga wiki 20 za kusoma, ni busara zaidi ya nusu ziende kwenye hayo manne. Kwenye SQE2, kosa la kawaida ni kumhoji mteja kana kwamba ni shahidi: maswali makali mfululizo, bila kumwacha aeleze anachokitaka. Mtahini anapima usikivu wako, na karatasi ya muhtasari unayoandika baada ya mahojiano nayo ina alama zake.

Uzoefu wa miaka 2 ndio wenye unafuu mkubwa. Unaweza kuukusanya katika taasisi zisizozidi 4. Kliniki ya sheria ya chuo inahesabika, kazi ya usaidizi wa kisheria inahesabika, hata kazi ya kujitolea. Si lazima iwe Uingereza. Ukifanya kazi katika ofisi ya mawakili Nairobi au Dar es Salaam, muda huo unaweza kuhesabiwa iwapo solisita wa Uingereza na Wales anayeifahamu kazi yako, au aliyeipitia, ataithibitisha. Huyo solisita hahitaji kuwa na leseni hai. Inatosha jina lake liwe kwenye rejista. Anachothibitisha ni mambo matatu: muda uliofanya kazi, kwamba ulipata nafasi ya kujifunza angalau stadi mbili katika orodha ya Solicitors Regulation Authority (msimamizi wa masolisita), na kwamba hakuna jambo la kutia shaka juu ya uadilifu wako. Haulizwi kama wewe ni bora au la.

Kinachoharibika hapa ni kumbukumbu. Mtu anafanya kazi miezi 14, msimamizi anahama, ofisi inafungwa, na hakuna wa kutia saini. Tangu wiki ya kwanza muulize mwajiri nani atathibitisha. Kila Ijumaa andika mistari mitano: ulifanya nini, kwenye faili la aina gani (usitaje jina la mteja), stadi ipi. Kila baada ya miezi mitatu mpe msimamizi asome na aweke saini. Ukiondoka mahali, dai uthibitisho kabla ya siku yako ya mwisho.

Na usiamini kwamba usolisita unakufungia mahakama. Solisita ana haki ya kusimama kwenye mahakama za mahakimu, mahakama za kaunti na mabaraza tangu siku anayosajiliwa. Akifanya tathmini ya ziada, ya jinai au ya madai, anasimama hadi mahakama za juu. Tangu 1997 masolisita wamekuwa wakiteuliwa hata kwenye ile heshima ya juu ya mawakili wakongwe, ambayo leo inaitwa King's Counsel. Akitaka bado kuhamia chemba, anaomba apunguziwe mafunzo kwa kuwa tayari ni wakili.

Kusimama mahakama ya kaunti kama wakala

Zipo kampuni zinazowapeleka wahitimu wa kozi ya uwakili kwenye mashauri madogo kwa niaba ya masolisita: wenye benki wanaodai nyumba kwa deni la mkopo, madai madogo ya hadi pauni 10,000, maombi ya kupanga tarehe na maelekezo. Unalipwa kwa shauri, umejiajiri, na nauli mara nyingi iko humo ndani. Msingi wa kisheria ni jedwali la 3 la Legal Services Act 2007, aya ya 1(7), inayomruhusu anayesaidia kuendesha kesi chini ya usimamizi wa aliyeidhinishwa kusimama kwenye shauri linalosikilizwa faraghani. Kwenye madai madogo mtu asiye wakili anaruhusiwa kumsemea mhusika, lakini mhusika mwenyewe awepo. Mipaka ya nani anaruhusiwa kufanya nini kwenye kesi imebishaniwa sana, na kesi ya Mazur ya 2025, iliyohusu asiye na leseni kuendesha kesi, iliitikisa tasnia nzima, kwa hiyo soma maelekezo mapya ya kampuni kila yanapotoka.

Beba nakala ya aya hiyo kwenye faili. Mweleze karani wa mlangoni na jaji hali yako ilivyo, kwa sentensi moja, kabla hujaulizwa. Vaa suti. Joho na wigi si vyako hapo.

Faili huja jioni ya kuamkia shauri, pengine matatu kwa mpigo. Kwenye shauri la nyumba ya mkopo, jaji atataka namba tatu: deni lililochelewa ni kiasi gani leo, si siku kesi ilipofunguliwa, rejesho la kila mwezi ni kiasi gani, na mkopo umebakiza miezi mingapi. Hiyo ya tatu ndiyo vijana husahau. Tangu kesi ya Norgan ya 1996, mahakama huanza kwa kuangalia kama mdaiwa anaweza kulipa malimbikizo ndani ya muda wote uliobaki wa mkopo. Gawanya deni kwa miezi hiyo kabla hujaingia. Malimbikizo ya pauni 6,000 kwa miezi 120 ni pauni 50 kwa mwezi, na ukisimama kudai nyumba ichukuliwe huku mdaiwa ana uwezo wa kutoa 50, jaji atakuuliza swali usilolipenda. Kwa nyumba za kupanga, Renters' Rights Act ya 2025 imebadilisha mambo mengi. Usitegemee maelezo ya kozi.

Ripoti ya shauri itumwe siku hiyohiyo: amri iliyotolewa neno kwa neno, gharama, tarehe ya kurudi. Anayechelewesha ripoti hapewi faili tena. Jisajili kwa mamlaka ya kodi kabla ya tarehe 5 Oktoba baada ya mwaka wa kodi ulioanza kazi, na tenga sehemu ya kila malipo tangu la kwanza, maana hakuna anayekukata kodi njiani.

Mshauri wa sheria mahakama ya mahakimu

Kesi za jinai karibu zote Uingereza huanzia mahakama ya mahakimu, na wengi wa mahakimu hao ni raia wa kawaida wanaojitolea, hawakusomea sheria. Pembeni yao huketi mshauri wa sheria. Yeye huwaeleza sheria inasemaje, huwaongoza kwenye miongozo ya adhabu, huhakikisha asiye na wakili anaeleweka. Hapigi kura katika uamuzi. Kozi yako ya uwakili ni sifa inayokubalika kuanza kama mshauri mwanafunzi. Ni ajira ya serikali, ina pensheni, na utaona mashauri mengi kwa mwezi kuliko wanagenzi wengi.

Utumishi wa umma huwapokea raia wa Jumuiya ya Madola wenye haki ya kufanya kazi nchini. Mtanzania, Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wamo. Mkongo na Mrundi hawamo, isipokuwa wawe na uraia au hadhi nyingine inayokubalika. Maombi huandikwa kwa mifano ya maneno 250: hali ilikuwaje, ulitakiwa ufanye nini, ulifanya nini, kikatokea nini. Wahitimu wa sheria huandika insha kuhusu haki. Wanaosahihisha wanatafuta tukio moja na vitendo vyako wewe, kwa nafsi ya kwanza.

Mabaraza, uhamiaji na kituo cha polisi

Kwenye mabaraza ya ajira na ya mafao ya jamii mtu yeyote anaruhusiwa kumwakilisha mwingine. Free Representation Unit ya London, iliyoanza 1972, huwapa mafunzo wanaojitolea, huwapima, kisha huwakabidhi kesi chini ya usimamizi. Ukiwa na rufaa ya mafao ya ulemavu utajifunza kupigania pointi: 8 kwa kiwango cha kawaida, 12 kwa cha juu, na kila pointi ina ushahidi wake. Chemba huheshimu sana kazi hii. Tahadhari: kutoza ada kwa madai ya ajira ni shughuli inayosimamiwa na Financial Conduct Authority (mamlaka ya huduma za fedha), kwa hiyo usianzishe biashara hiyo mwenyewe bila idhini yao.

Uhamiaji ndiko Kiswahili chako kina thamani ya moja kwa moja. Mkongo wa Kivu, Mbajuni, Mrundi, wote wanahitaji mtu anayeelewa maelezo yao bila kupitia mkalimani. Lakini kutoa ushauri wa uhamiaji bila idhini ni jinai chini ya kifungu cha 91 cha Immigration and Asylum Act 1999, hata ukifanya kwa sadaka kupitia msikiti au kanisa. Una njia mbili: uajiriwe katika ofisi ya masolisita chini ya usimamizi wao, au usajiliwe na Immigration Advice Authority (hadi Januari 2025 iliitwa OISC). Ngazi ni tatu. Ya 1 ni maombi ya kawaida, ya 2 inaingia kwenye hifadhi na kesi ngumu, ya 3 inakufikisha kwenye baraza la rufaa. Usiwe mshauri na mkalimani kwenye kesi moja. Mahojiano yakija kupingwa, wewe ndiye utakuwa shahidi, na mteja atabaki bila mtetezi.

Mwakilishi wa kituo cha polisi humshauri mshukiwa kabla na wakati wa kuhojiwa. Unahitaji solisita wa kukusimamia, jalada la kesi ulizohudhuria, mtihani wa kuandika, na jaribio la kujibu matukio yanayosikilizishwa kwa kinasa sauti. Simu hulia saa tisa usiku. Asiyependa hilo asiingie.

Nyingine, kwa ufupi

Law Commission, chombo kinachopendekeza marekebisho ya sheria, huajiri watafiti wasaidizi kila mwaka, na mwaka mmoja pale unang'arisha CV kuliko shahada ya pili ya kulipia. Incorporated Council of Law Reporting, iliyoanzishwa 1865, inahitaji waandishi wa ripoti za kesi, na kwa desturi ya mahakama ripoti hupata hadhi kwa kuandikwa na mwenye cheo cha barrister au solisita. Hapa cheo chako kisicho na leseni kinafanya kazi yake. Financial Ombudsman Service na Legal Ombudsman huajiri wapelelezi wa malalamiko. Benki na kampuni za malipo zinatafuta watu wa kuzuia utakatishaji fedha. Ukiomba huko, eleza ripoti uliyoandika na uamuzi uliofanya, kwa sababu ushindi wa kesi za kuigiza hauwaambii chochote. Wakili wa gharama za kesi ni fani ndogo yenye haki yake ya kusimama mahakamani kwenye masuala ya gharama tu, na wasomi wachache huijua.

Kwenye usaili wowote utaulizwa: "Je, utatuacha ukipata chemba?" Usidanganye, wala usijieleze sana. Taja utakaa muda gani kwa uhakika, na taja kitu kimoja cha kazi hiyo unachokitaka kwa ajili yake yenyewe.

Ukirudi nyumbani

Cheo cha Inn hakikupi haki ya kusimama Dar wala Nairobi. Tanzania, shahada ya nje hutambuliwa kwanza na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), kisha kuna Law School of Tanzania. Zanzibar ina Mahakama Kuu na utaratibu wake. Kenya, Council of Legal Education hutathmini masomo yako na inaweza kukutaka urudie yaliyokosekana. Halafu Kenya School of Law, mtihani wa Council hiyo, na uanagenzi wa miezi 6. Kinachokwamisha wengi ni karatasi: alama za kila somo, maelezo ya mtaala, cheti cha Inn na barua ya hadhi njema kutoka Bar Standards Board. Agiza zote ungali Uingereza, nakala mbili zilizothibitishwa, na angalia kwamba jina lako limeandikwa kama lilivyo kwenye pasipoti.